Mamluki na mizani ya mchezo: nani apangwe na nani?

Ndugu msomaji, uendapo Kariakoo kununua kilo mbili za maharage, maneno matamu ya muuzaji hayakutoshi. Macho yako huenda kwenye mizani. Mizani hiyo hutakiwa ikaguliwe na Wakala wa Vipimo na kutiwa alama, ili kilo ya Kariakoo iwe sawa na kilo ya Buguruni na ya Tandale. Bila ya hivyo mnunuzi na muuzaji wasingeaminiana hata siku moja.

Lakini jioni, kazi zikishakwisha, unaketi barazani Mchafukoge mbele ya ubao wa drafti, au unakwenda kiwanjani kuichezea timu ya ofisi yako. Hapo hakuna mizani. Umepangiwa mpinzani na mpira umekwisha kuanza. Kama mpinzani huyo amekuzidi mara tatu, nani aliyelijua hilo mapema? Na kama alilijua akalificha, utamshitaki wapi? Makala hii yahusu jambo hilo: namna ustadi wa mchezaji wa ridhaa unavyoweza kupimwa, na kwa nini kupimwa huko ni suala la haki wala si la makombe peke yake.

MAMLUKI VIWANJANI

Kila mfuatiliaji wa michezo ya wafanyakazi nchini alijua neno "mamluki". Asili yake ni askari wa kukodiwa, apiganaye vita visivyo vyake. Viwanjani, mamluki ni mchezaji aliyeletwa kutoka nje ili aibebe timu isiyo yake. Malalamiko juu yake yamesikika katika mashindano ya watumishi wa wizara na mikoa, SHIMIWI. Katika yale ya mashirika ya umma na makampuni, SHIMMUTA. Na hata katika michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ambako kijana asiye mwanafunzi huvalishwa sare na kuitwa mwanafunzi.

Hebu tutazame hasara yake. Tuseme yuko karani wa masjala ambaye kwa miezi mitatu ametoka kazini saa tisa na nusu alasiri, akaenda kufanya mazoezi ya kuvuta kamba na wenzake. Mikono imemwota sugu, na nyumbani watoto wamemzoea kurudi magharibi. Siku ya mashindano anakuta upande wa pili mabaunsa ambao hakuna mtumishi hata mmoja wa taasisi hiyo awajuaye kwa majina. Kamba inavutwa na mambo yanakwisha kwa sekunde chache. Je, karani huyo amepoteza kikombe tu? La hasha. Amepoteza sababu ya kurudi mwaka ujao. Mwaka ujao hatakuwapo, na mwaka wa tatu wenzake wawili nao hawatakuwapo. Michezo iliyowekwa kwa ajili ya afya ya mfanyakazi hubaki kuwa tamasha la watu wachache waliokodiwa.

Dawa ya mamluki wa namna hiyo yajulikana: kitambulisho cha kazi, orodha ya waajiriwa, na kiongozi asiyeogopa kuiondoa timu mashindanoni. Tatizo gumu zaidi ni mamluki wa pili, yule ambaye kitambulisho chake ni halali kabisa. Huyu ni mtumishi wa kweli, ila amejiandikisha katika kundi la wanaojifunza ilhali yeye ni fundi. Hajadanganya jina, amedanganya uwezo. Kitambulisho hakiwezi kumfichua. Mtu wa aina hii hufichuliwa na daraja tu.

DARAJA SI JAMBO GENI KWETU

Tusidhani kwamba kupanga watu kwa uwezo ni uzushi wa kigeni. Wachezaji wa bao wana bao la kujifunza na bao la Kiswahili. Lile la kwanza ni mlango wa mtoto na mgeni. La pili, lenye kete 64 na mashimo 32, lenye nyumba na kete 22 za akiba kwa kila mchezaji, ni uwanja wa mafundi. Hakuna mtu mwenye haya atakayemkalisha mgeni mbele ya bao la Kiswahili siku ya kwanza, kisha akajisifu kumshinda.

Mpira wa miguu nao huendeshwa kwa madaraja. Timu huanzia wilayani, ikapanda mkoani, na kuendelea mpaka Ligi Kuu. Ikishinda hupanda, ikishindwa hushuka. Hiyo nayo ni mizani, maana mahali pa timu pameamuliwa na matokeo yake yenyewe, wala si na jina la mwenyekiti wake. Hata hivyo mizani hiyo hupima timu, haimpimi mchezaji. Ndiyo maana katika mashindano ya mitaani, yale ya ndondo, yawezekana mchezaji wa Ligi Kuu akateremka likizoni na kupambana na fundi cherehani aliyefunga kibanda chake saa moja iliyopita.

Mabondia hupimwa uzito, na hapo mizani ya chuma yatosha. Lakini ustadi hauna kilo. Barazani, ustadi wa mcheza drafti hukaa katika kumbukumbu za wazee: "Huyu usimguse, huyu bado." Kumbukumbu hiyo ina hekima nyingi, nayo ina kasoro zake. Humsahau aliyehama, humpendelea aliye rafiki, na kijana aliyejifunza haraka huendelea kuitwa "bado" miaka miwili baada ya kuiva.

WACHEZA TENISI WALIVYOFANYA

Katika tenisi ya ridhaa, jambo hili limefikiriwa kwa undani sana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Marekani ilianza kutumia mfumo ujulikanao kwa herufi NTRP, ambao humpa kila mchezaji namba iliyo kati ya 1 na 7, ikipanda kwa nusu nusu. Mwenye namba ya chini ndiyo kwanza ashike raketi. Mwenye 7 ni mchezaji wa kimataifa. Ligi za wafanyakazi, akina mama na wastaafu hupangwa kwa namba hizo, hata mwenye 3 hukutana na mwenye 3. Hapo kila mmoja ana tumaini la kushinda, na kila mmoja ana hofu ya kushindwa. Bila ya mambo hayo mawili hakuna mchezo.

Upesi ikajitokeza hila. Mchezaji mgeni hujipima mwenyewe, naye mwenye tamaa ya kombe hujipa 3 hali akijua yeye ni 4. Wengine huachia michezo kwa makusudi ili namba yao isipande. Kwa hiyo chama cha tenisi cha huko kikaweka ulinzi: namba ya mchezaji hukokotolewa upya baada ya kila mchezo, na akionekana mara tatu kuwa amevuka waziwazi kiwango cha daraja lake, huondolewa katika daraja hilo.

Uko na mfumo mwingine mpya zaidi, UTR, ambao namba zake hufika 16.5, nao huwaweka wanaume na wanawake katika ngazi moja. Mfumo huu hauulizi tu nani kashinda. Huuliza: ulivuna sehemu gani ya michezo iliyochezwa, na uliivuna mbele ya nani? Mwenye namba ndogo akishindwa kwa 6–4, 6–4 na mtu aliyetarajiwa kumfagia, namba yake yaweza kupanda ijapokuwa kashindwa. Tafakari jambo hilo, msomaji. Aliyepoteza lakini akapigana amehesabiwa. Mara ngapi viwanjani kwetu aliyeshindwa huondoka kana kwamba hakuwapo?

Golfu imeshika njia nyingine. Badala ya kuwatenganisha wachezaji, huwaacha wacheze pamoja na kumpa aliye dhaifu fidia, iitwayo hendikapu. Tangu mwaka 2020 dunia ina utaratibu mmoja: huchukuliwa matokeo 20 ya mwisho ya mchezaji, yakachaguliwa 8 yaliyo bora, na kutokana na wastani wake hupatikana fidia isiyozidi 54. Kwa nini yale 8 bora, si yote 20? Kwa sababu kucheza vibaya kwa makusudi ni rahisi, bali kucheza vizuri kwa kujifanya haiwezekani. Aidha, umewekwa ukomo wa kiasi ambacho fidia ya mtu yaweza kuongezeka ndani ya mwaka mmoja. Waliotunga kanuni hizo walimjua binadamu vilivyo.

HESABU YA PROFESA ELO

Mizani iliyoenea kuliko zote ilitoka katika sataranji. Mtungaji wake ni Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria, aliyekuwa profesa wa fizikia mjini Milwaukee, Marekani. Chama cha sataranji cha Marekani kiliupokea utaratibu wake mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Shirikisho la dunia la drafti nalo hutumia hesabu ya namna hiyo. FIFA iliifuata kwa timu za taifa za wanawake tangu mwaka 2003, na kwa zile za wanaume mwaka 2018. Kwa hiyo Twiga Stars na Taifa Stars nazo zimo katika mizani hii.

Hesabu yenyewe haimshindi mtu aliyezoea biashara. Kila mchezaji ana pointi zake, na kila mchezo ni kama biashara ya pointi 20. Wakikutana walio sawa, mshindi huchukua 10 kutoka kwa mwenzake. Lakini mmoja akiwa na pointi 1,600 na mwingine 1,400, matarajio yamekwisha kujulikana: katika michezo 100 wa kwanza atavuna ushindi 76 hivi, sare ikihesabiwa nusu. Kwa hiyo mkubwa akishinda huchota pointi 5 tu, kwani alifanya lililotarajiwa. Mdogo akishinda huchota 15. Tofauti ikifika pointi 400, mkubwa hupata 2 na mdogo 18.

Tazama uadilifu uliomo. Fundi anayezunguka mitaani akiwaonea wanafunzi hapati kitu, hukusanya makombo. Siku akiteleza mara moja, hulipa kwa mkupuo alichokusanya kwa michezo tisa. Hakuna kiongozi aliyemkaripia wala kamati iliyokaa. Hesabu yenyewe imemwelekeza akatafute wa kifani chake.

Tena mizani ya matokeo haiulizi mtu anatoka mtaa gani. Jirani zetu wa Uganda wana mfano unaojulikana, Phiona Mutesi, binti aliyekulia katika mtaa wa kimaskini wa Katwe, Kampala, akajifunza sataranji katika mradi wa vijana. Mwaka 2012, katika Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul, alijipatia cheo cha kimataifa cha ngazi ya mwanzo kwa wanawake. Huko hakuulizwa baba yake ni nani wala ada ya shule kalipiwa na nani. Matokeo yake ndiyo yaliyomzungumzia.

MIPAKA YA MIZANI

Hata hivyo, tusiifanye namba kuwa mungu. Kwanza, daraja halifungui geti. Wakati wa utawala wa Waingereza, Dar es Salaam iligawanyika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaitenga Kariakoo na sehemu nyingine za mji. Gymkhana, penye tenisi na golfu, ilikuwa klabu ya Wazungu. Mwafrika mwenye kipaji hakuwa na daraja la chini wala la juu. Hakuwa na daraja kabisa, kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia. Ubaguzi huo ulikwisha, lakini bei ya raketi, ya viatu na ya uanachama bado ni geti la aina yake. Namba huanza kutenda haki pale tu mtu anapokuwa ameingia uwanjani.

Pili, mizani hulinganisha wale tu waliokutana, au waliokutana na waliokutana. Wacheza drafti wa Mchafukoge wakicheza wao kwa wao mwaka mzima, na wa Temeke nao vivyo hivyo, pointi 1,500 za huku si lazima ziwe 1,500 za kule. Hapana budi watembeleane. Mtoto anayepanda haraka katika mtaa uliojitenga huonekana dhaifu kwenye karatasi, na anayepangwa naye siku ya kwanza ndiye anayeumia.

Tatu, namba hueleza mchezo wa leo, wala si thamani ya mtu. Tuchukue mama aliyekuwa nyota wa netiboli ofisini kwake, akajifungua, akakaa nje mwaka mzima. Akirudi, je, apangwe kwa sifa zake za zamani, akimbizwe na mabinti wa miaka ishirini mpaka achoke na kuacha? Haki ni kumpa michezo michache ya majaribio, ateremke ngazi moja bila ya aibu, na apande tena mwili ukirejea. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeugua, na kwa mzee anayestaafu. Daraja lisiloruhusu kushuka kwa heshima si daraja. Ni kaburi la sifa za jana.

Neno moja kwa wazazi. Mtoto wako akiwa hodari kuliko wenzake, usimwache katika kundi la chini ili arudi nyumbani na vikombe kila Jumamosi. Utakuwa umewanyima wenzake mchezo, na yeye umemnyima somo la kushindwa. Kupunguza umri wa mtoto ni hila ya ukoo huohuo. FIFA ililazimika kuanza kupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono cha vijana katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009, kwa sababu vyeti vya kuzaliwa havikuaminika tena. Ni aibu iliyoje kwa mzazi kusubiri mfupa wa mwanawe useme kweli ambayo yeye aliificha!

LIFANYIKE NINI

Huhitaji kompyuta wala fedha nyingi kuanzisha mizani barazani kwako au katika klabu ya kazini. Chukua daftari kubwa la mistari na ufuate haya:

Kila mchezaji aanze na pointi 1,000, na mgeni acheze michezo mitano ya majaribio kabla ya kuingia katika shindano lenye zawadi. Michezo hiyo ndiyo itakayosema ni wa kundi gani, si ulimi wake.

Baada ya kila mchezo, pointi ziandikwe mbele ya wachezaji wote wawili. Tofauti yao ikiwa ndogo, mshindi achukue 10. Ikiwa karibu 100, mwenye nguvu apate 7, au mdogo apate 13. Ikiwa karibu 200, iwe 5 au 15. Ikiwa karibu 300, iwe 3 au 17. Ikifika 400 na zaidi, iwe 2 au 18. Sare nayo ina hesabu yake, lakini kwa kuanzia yatosha kuiacha kila mtu na pointi zake.

Orodha ibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi, mahali ambapo hata mke au mume wa mchezaji akipita ataisoma. Daftari linalofungiwa kabatini kwa katibu ni mizani isiyokaguliwa.

Atwaaye zawadi ya kundi la chini apande, apende asipende. Anayeshukiwa kuachia michezo ili asipande, aitwe mbele ya wenzake watatu waliochaguliwa na wachezaji, asikilizwe, kisha uamuzi utolewe siku hiyohiyo.

Mwisho, mara mbili kwa mwaka alikeni baraza la mtaa mwingine, na matokeo yaingie katika daftari zote mbili.

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni kuugeuza mchezo kuwa uhasibu, na kwamba drafti ni ya kupumzisha akili. Tuwaulize: kuna mapumziko gani katika kuonewa? Mwenye kushinda kila siku huchoka upesi, na mwenye kushindwa kila siku huondoka kimyakimya. Anayebaki ni yule anayejua kwamba leo lolote laweza kutokea. Mizani nzuri hutengeneza jioni ya namna hiyo, ambayo karani, mchuuzi, dereva na mama wa nyumbani kila mmoja amepata mtu wa saizi yake.

Wazee husema jina la Mchafukoge lilitokana na maneno ya kumwambia mchafu akaoge. Basi viongozi wa michezo makazini na mitaani, mmesikia. Daftari la mistari halizidi uwezo wa klabu yoyote, na kalamu mnayo. Anzeni Jumamosi hii.